Bafle za Nyuma

Kalemie, Kataki, tarehe 14/8/2000

Kwa Yaya Abdoul-Karim,

Asalaam aleikum. Barua hii inakuja mukononi mwa Mama Adolphine, jirani yetu, anayevuka ziwa kuuza mafuta ya mawese. Akifika umupe kiti na maji, miguu inamuvimba. Sisi huku tuko. Zaina ameng'oka meno mawili ya mbele na hataki tena kucheka mbele ya watu. Ramazani ameanza kushika ukuta na kutembea. Homa ilimupata, ikamuacha. Wanasema shule itafungua mwezi wa tisa kama walimu watarudi. Umeme wa bwawa la Bendera unakuja saa unayotaka wenyewe. Wifi Farida hajambo? Na mutoto wake wa mwisho, ule mwenye kulia, amenyamaza?

Nafikiri bwana yangu Mahmoudi amekwisha kufika kwako kuchukua bafle. Aliondoka akisema wiki mbili tu.

Yaya, kaka yangu, jambo lenyewe ni hili. Mahmoudi ameniacha na ampli, na mimi ile mashini ya sauti siijui. Wewe mwenyewe uliituma, unajua ilivyo na vitufe. Kazi yangu katika sale yetu ya video ilikuwa mulangoni: kukata tikiti, kuuza mandazi, kufukuza watoto wanaochungulia. Yeye njo alikuwa anakaa na telekomande. Kila filme aliiangalia kidogo, akafikiri, halafu akabonyeza. Hii Hall. Hii Stadium. Hii Pro Logic. Kama mama anayeonja mboga na kuongeza chumvi. Nilikuwa namucheka. Sasa watu wananicheka mimi.

Juzi niliweka filme ya vita, na ampli ilikuwa imebaki kwa Stadium, pale alipoiacha baada ya kaseti ya mpira. Kila neno lilikuwa linarudi mara mbili, tatu, kama watu wanaongea ndani ya pipa. Unamukumbuka Papa Siméon, yule mwalimu wa kutoka Moba? Anatutafsiria filme za Kifaransa, anasimama kando ya televizyo na mikro yake. Na mikro yake inapita mule mule ndani ya ampli. Alipomaliza alikuja mulangoni jasho linamutoka.

"Mama Zaina, leo tumetafsiri watu wawili, mimi na mwangwi wangu. Na mwangwi alikuwa anaongea sana kunipita."

Nilimwambia avumilie, mwenye telekomande anarudi.

Basi umwambie Mahmoudi aniandikie kwa mukono wake: kitufe gani kwa filme gani. Aandike pole pole, si kama anavyoongea. Na asikawie. Ile bafle ya nyuma ya kushoto imekufa kabisa, hata kukoroma haikoromi tena. Nyuma imebaki ya kulia peke yake.

Ni mimi mudogo wako,
Leila, Mama Zaina

*

Kigoma, Mwanga, 2/9/2000

Mdogo wangu Leila,

Waaleikum salaam. Mama Adolphine alifika, tukampa kiti, akakaa siku nzima akituhadithia Kalemie mpaka Farida akalia na kucheka kwa pamoja. Huku wazima. Yule mwenye kulia bado analia. Kazi ya kutengeneza redio inakwenda, kwa sababu watu wote wanataka kusikia habari za kwenu.

Mahmoudi yupo hapa, mzima, na amenenepa kwa ugali wa Farida. Spika yake, nyinyi mnasema bafle, nimeimaliza. Sanduku nimelitengeneza mwenyewe kwa mbao za mninga, zito, hata likianguka halitafunguka. Nilimwambia akuandikie kuhusu vitufe. Akasema: "Shemeji, barua ya nini? Nitafika kabla yake." Boti inangoja kujaa mizigo. Labda Jumatano. Basi naandika mimi, kama atachelewa.

Sikiliza vizuri. Hall na Stadium ni za kuongopa. Zinafanya chumba chako kionekane kikubwa kuliko kilivyo. Mahmoudi anazipenda, mimi sizipendi. Kwa mpira sawa, kwa muziki kidogo, kwa filme yenye maneno hapana.

Filme ya maneno na vita weka Pro Logic. Hiyo haiongezi kitu, inagawa tu. Maneno ya watu inayapeleka kwenye bafle ya katikati, chini ya televisheni. Muziki inaupeleka mbele, kushoto na kulia. Upepo, mvua, ndege, risasi zinazopita, inazipeleka nyuma. Za nyuma ni mbili, lakini ujue sauti yao ni moja. Zinasema kitu kimoja, kwa wakati mmoja. Tunaweka mbili ili aliyekaa huku na aliyekaa kule wote wapate.

Ukitaka kujua kama zote zinafanya kazi, bonyeza Test. Utasikia shhhh, kama mvua juu ya bati. Inaanza kushoto, inakwenda katikati, kulia, halafu nyuma, halafu inarudi. Kila mahali isikike sawasawa. Inapopungua, ongeza.

Na Siméon asimame mbali na bafle ya katikati, asishindane na wazungu.

Wasalimie watoto. Mahmoudi anasema Ramazani asitembee vizuri kabla yeye hajafika.

Kaka yako,
Abdoul-Karim

*

Kalemie, 25/9/2000

Kwa Yaya,

Nimepata barua yako ya tarehe mbili. Asante kwa maelezo, sasa nimeelewa. Tuko na afya. Shule ilifungua siku nne ikafunga. Zaina anaandika kwa mukaa ukutani, nimemuacha. Nilisikia pia Farida ana mimba ingine, Mama Adolphine alinong'ona. Mungu amusaidie.

Mahmoudi hajafika.

Najua ziwa lina upepo mwezi huu. Najua boti inaweza kupita Moba kwanza, ama kungojea ufukweni. Naandika tu ili ujue kama hajafika.

Niliweka Pro Logic kama ulivyosema. Yaya, ile kitu inafanya kazi kupita kiasi. Siku ya kwanza watu walifurahi, maneno yalitoka mbele safi kabisa, hata Papa Siméon alinisifu. Siku ya pili, filme ya vita. Wanajeshi walikuwa wamejaa benchi mbili za katikati, hao hawakati tikiti. Mule ndani ya filme watu wanatembea porini kimya, wanatembea, wanatembea. Halafu risasi zikalia. Zikalia nyuma yetu, Yaya, kwa ile bafle moja ya kulia, pale karibu na mulango.

Sale yote ililala chini. Mama mumoja alirusha mutoto chini ya benchi kabla ya kujirusha mwenyewe. Mujeshi mumoja akasimama, akageuka, akaelekeza bunduki kwa ukuta wa nyuma. Mimi nilikuwa pale pale na sinia ya mandazi. Sikukimbia. Sikuogopa hata. Niliangalia tu ule mudomo wa bunduki na nikafikiri: mandazi yatapoa.

Papa Siméon alikuwa na mikro mukononi. Akasema ndani yake, pole pole, kwa sauti ile ile ya kutafsiri: "Afande, hapo nyuma ni filme. Adui yuko mbele, kwenye televizyo."

Watu wakacheka, kwanza mumoja, halafu wote. Mujeshi naye akacheka, akakaa. Tukaendelea mpaka mwisho. Lakini tangu siku ile Zaina hakai tena isipokuwa mugongo umegusa ukuta, hata tukiwa tunakula.

Niambie basi kitufe kingine. Nataka maneno ya mbele bila risasi za nyuma. Watoto wanakula kutoka katika ile sale, siwezi kufunga, na siwezi kuona tena watu wanalala chini.

Na uniambie Mahmoudi aliondoka siku gani.

Leila

*

Kigoma, 17/10/2000

Mdogo wangu Leila,

Nakusalimu sana. Huku tuko, tunashukuru. Farida anatapika asubuhi lakini ni kawaida yake. Mvua imeanza.

Nimesoma habari ya yule askari. Pole sana. Hilo linatengenezeka. Bonyeza Pro Logic mara ya pili, itaandika 3 Stereo. Hapo zinabaki tatu za mbele tu, kushoto, katikati, kulia. Za nyuma zinanyamaza, na vile vitu vya nyuma vinaletwa mbele pamoja na vingine. Hakuna kitakachopotea, ila hakuna kitakachokushtua. Acha hivyo hivyo.

Punguza na sauti yenyewe. Mahmoudi alikuwa anafungua sana. Chumba kile si kikubwa.

Mnakula vizuri? Zaina ana viatu? Kama kuna unachohitaji, chochote, niambie, nitakutumia kwa mtu wa kuaminika.

Mwenyezi Mungu awe nanyi.

Kaka yako,
Abdoul-Karim

*

Kalemie, 5/11/2000

Kwa Yaya Abdoul-Karim,

Salamu kwako na kwa Farida, asikilize mwili wake, asibebe maji. Sisi tuko wazima. Ramazani anatembea sasa, haangalii ukuta. Nilitaka kumuzuia kama baba yake alivyosema lakini mutoto hazuiliwi.

Nimeweka 3 Stereo. Ni kweli, hakuna anayeshtuka. Watu wanasema filme imekuwa ndogo, lakini wanakuja. Kwetu huku muntu anakuja kwenye filme ili akae saa mbili fasi ambayo hakuna anayemuuliza kitambulisho. Hata ingekuwa bila sauti wangekuja.

Nilisoma barua yako, nikaisoma tena. Niliuliza siku, hukunipa siku. Uliandika "alikuwa anafungua sana." Nimeona hiyo 'alikuwa'.

Nikuambie na mengine niliyoona. Wamama wa msikitini wananisalimu kwa mikono miwili. Mama Adolphine anatuletea sombe ya majani ya muhogo bila sisi kuomba, anaiweka kwenye dirisha na kuondoka mbio kama aliyeiba. Juzi nilimuuliza: "Jirani, kuna nini?"

Akasema, "Kuna sombe nyingi shambani."

"Shamba lako liko fasi gani na vita hii?"

"Mama Zaina, kula tu."

Na Papa Siméon, anayebishana na mimi kila siku kuhusu mandazi, eti ni madogo, eti yana hewa ndani, sasa anayala bila neno. Nilimwambia, "Papa Siméon, leo hayana hewa?" Akasema, "Leo ni mazuri, mama." Hilo ndilo lilinitisha kuliko bunduki, kama naweza kusema nilitishika. Sitishiki sana siku hizi. Naamka, nafagia sale, nachemsha uji, nakata tikiti. Mikono inajua kazi yake, mimi niko pembeni yake.

Yaya, nakuuliza wazi. Mahmoudi yuko wapi? Kama alipata mwanamuke huko, sema, si wa kwanza. Kama wamemufunga, sema. Naweza kubeba.

Leila

*

Kigoma, 24/11/2000

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Ramadhani inaingia wiki hii, Mungu atufikishe na kutupokelea. Farida amepata nafuu. Watoto wanakusalimu, wanauliza Zaina ni mrefu kiasi gani.

Mambo ya safari tumwachie Mungu.

Kuhusu ampli. Mwezi huu mtukufu, toka hata kwenye 3 Stereo. Weka Stereo ya kawaida, bafle mbili tu za mbele, na sauti ya chini, anayetaka kusikia asogee. Siméon aache mikro, atafsiri kwa mdomo. Na kama umeme upo na watoto wanataka kitu kidogo, chomeka kaskè ya masikioni kwenye tundu la mbele. Ukiichomeka, bafle zote zinanyamaza zenyewe, mtu mmoja ndiye anayesikia.

Baada ya hapo, nakuomba kama kaka yako, zima kabisa. Ifunike kwa kanga, vumbi lisiingie. Pumzika. Kazi ya filme si ya lazima kwa sasa. Nitatuma unga na mafuta.

Kaka yako,
Abdoul-Karim

*

Kalemie, 9/12/2000

Yaya,

Asalaam aleikum. Tunafunga. Zaina alijaribu kufunga mpaka adhuhuri, akanidanganya kama hajanywa maji, midomo ina majimaji. Nilimuacha. Unga ulifika, na mafuta. Asante.

Nataka nikukumbushe kitu. Siku nyanya alipofariki Moba. Wewe ulikuwa mukubwa kidogo, mimi nilikuwa ninakaa bado mapajani mwa Mama. Redio ya Papa ilikuwa inapiga juu ya kabati, mpira, watu wanapiga kelele. Muntu alimuita Papa nyuma ya nyumba. Papa akarudi. Akaenda kwa redio akaipunguza kidogo. Akatuuliza kama tumekula. Akazunguka, akarudi, akaipunguza tena. Akamwambia Mama alete mukeka. Wewe ulisema, "Papa, hatusikii mpira." Akaipunguza mpaka ikabaki kama nzi ndani ya chupa. Halafu akaizima. Na kabla hajafungua kinywa, Mama alikuwa amekwisha kufunika kichwa.

Kwanza uliniambia Pro Logic, bafle zote. Halafu tatu. Halafu mbili. Halafu kaskè, muntu mumoja peke yake. Halafu zima, funika kwa kanga.

Yaya, mimi ni mutoto wa nyumba ile ile.

Sijui kama ulifanya kwa kusudi ama mukono wako ulifanya wenyewe. Sikuulizi. Sasa nisikilize wewe.

Usiniandikie lile neno. Kwetu haliandikwi kwa karatasi, na mimi sitaki kulisoma nikiwa mulangoni na sinia ya mandazi, wanajeshi wanapita. Najua wewe mwenyewe huwezi kuvuka, mwanaume akishuka hapa wanamuchukua, na sitaki kupoteza wawili. Lakini tuma muntu wetu. Wa damu ama wa ndoa. Aje, akae chini mbele yangu, aseme kwa kinywa chake. Watu wa Kataki wote wanajua, nimekwisha kuelewa, na hawawezi kusema kwa sababu si wenye msiba. Wameshika midomo yao kwa ajili yetu. Sombe yao imechoka, Yaya. Wafungulie.

Na huyo atakayekuja aje na siku. Nina eda ya kuhesabu, na siwezi kuhesabu kutoka hewani. Kama siku imepita zamani, mimi nimekuwa mujane nikiwa nakata tikiti za filme za ngumi, na hata sijafunika kichwa. Hilo lazima nilijue. Si kwa ajili ya watu. Kwa ajili yangu.

Kama nimekosea, niandikie maneno matatu tu: rudisha Pro Logic. Nitajua, na nitakutukana kwa furaha.

Ampli nimeizima. Kanga niliyofunika ni ile ya kijani, aliyoninunulia Zaina alipozaliwa.

Leila

*

Kigoma, 18/12/2000

Mdogo wangu Leila,

Farida anavuka na boti ya kwanza. Nilimwambia mimba yake, akasema mimba si ugonjwa.

Mfungulie mlango. Usimuulize kitu kabla hajakaa.

Abdoul-Karim

*

Kalemie, 11/2/2001

Kwa Yaya Abdoul-Karim,

Asalaam aleikum. Farida anabeba barua hii mwenyewe, na tumbo lake mbele. Ametufulia, ametupikia, amegombana na Mama Adolphine kuhusu chumvi, wamekuwa marafiki. Umupokee vizuri. Watoto wako na afya. Zaina meno yanaota, moja limeota upande.

Najua Farida atakuambia, lakini nataka usikie na kwangu.

Alifika mchana. Hakusalimu. Alitandika mukeka wake mwenyewe, aliokuja nao, akakaa, akanivuta nikakaa. Akasema. Alisema yote pole pole, hakuruka kitu. Kwamba boti ilitoka Kigoma Jumatano ile, imejaa kupita kiasi. Kwamba upepo uliisukuma kusini ikapinduka, na watu wa kijiji cha Kalya, upande wenu wa ziwa, waliwatoa majini mumoja mumoja. Kwamba ulikwenda mwenyewe, ukamukuta wamekwisha kumuosha na kumusalia, na kumulaza vizuri. Na kwamba sanduku la bafle lilielea likafika pwani mbele yake, halikufunguka, kama ulivyosema, na watu wa pale walitoa ubao mumoja wa mninga wakauweka kichwani pa kaburi lake, kwa sababu ni mbao nzuri na hawakuwa na nyingine.

Nilimuuliza Farida kama ulilia. Akasema hajui, ulikuwa unakaa na kalamu kila siku, ukiandika jina la Mahmoudi, inatoka habari ya ampli.

Basi. Nimesikia. Sikupiga kelele. Wamama wa msikitini waliingia ndani ya saa moja, walikuwa tayari, hata sukari walikuwa wameweka kando. Walilia kwa niaba yangu. Mimi nilikuwa naangalia kanga ya kijani na kufikiri imekaa vibaya upande mumoja.

Shehe alisema eda inahesabiwa tangu siku ile ya ziwa, si tangu siku ya habari. Kwa hiyo sehemu kubwa ilikuwa imepita nikiwa mulangoni, kichwa wazi, natoa tikiti. Niliyobakiwa nayo ilikuwa ndogo. Nimeikaa yote ndani, sikutoka, hata siku ya Idi. Alisema Mungu hahesabu juu ya muntu kitu asichokijua. Nimepokea. Lakini ningependa ningekaa zote. Hilo nakuambia mara moja, halafu sisemi tena.

Sasa jambo ulilomutuma Farida aniombe: nije Kigoma na watoto. Yaya, nakupenda, na jibu ni hapana. Kule nitakuwa mukimbizi kwenye baraza lako, nikingojea Farida agawe ugali. Huku nina sale. Benchi ni za Mahmoudi, ukuta ni wake, na watu wananijua. Ramazani ataanza kuuliza baba yake alikuwa nani, na huku kila muntu wa Kataki atamujibu. Usiniombe tena.

Juzi nilitoa kanga. Zaina alikaa mugongo ukutani akiniangalia. Papa Siméon alikuja na mikro yake imefungwa kwa leso, akasimama mulangoni.

"Mama Zaina, naona tunafungua."

"Tunafungua Jumamosi."

"Na risasi?"

"Weka filme ya watu wanaoongea."

"Watu wa Kalemie watataka risasi, mama. Wanasema za filme zinaisha."

Nikacheka kidogo, nikashangaa kusikia nimecheka. Akasema atakuwa anatangaza kabla ya kila filme: risasi za nyuma ni za kwetu, za nje mtazijua wenyewe. Halafu akaonja andazi, akasema lina hewa. Nikamushukuru Mungu.

Nilibonyeza Test kama ulivyonifundisha. Shhhh, kushoto. Katikati. Kulia. Zaina aliinuka, akaanza kuifuata sauti kuzunguka sale, na Ramazani nyuma yake ameshika gauni lake. Ilipofika nyuma, wakasimama kwenye kona ya kushoto, pale panapongojea bafle. Zaina akaweka mukono ukutani.

"Mama, hapa hapasemi."

"Najua."

"Itasema lini?"

Nilitaka kumudanganya, nikaona ni mukubwa. Nilimwambia haitasema. Akafikiri. Akasema, "Basi, tuache hivyo?"

Sikuacha hivyo. Nilipanda juu ya benchi, nikashusha ile ya kulia, nikaitundika katikati ya ukuta wa nyuma. Uliniandikia mwenyewe kwamba nyuma ni mbili lakini sauti ni moja. Papa Siméon alishika benchi, Zaina alinipa misumari. Waya wa ile ingine niliukunja, nikauweka ndani ya kabati pamoja na telekomande ya zamani.

Nikabonyeza tena. Kushoto. Katikati. Kulia. Nyuma. Haijai kona zote kama zamani, aliyekaa pembeni anaipata kidogo. Lakini inasikika. Zaina alikaa kwenye benchi ya mbele, mugongo wazi, akasikiliza mpaka ikazunguka mara nyingi, mpaka Ramazani akasinzia juu yake.

Ampli iko kwa Pro Logic. Itabaki pale.

Usitengeneze bafle ingine, Yaya. Hata ukipata mbao nzuri.

Mudogo wako,
Leila, Mama Zaina